Marehemu Ainuka Kitandani

Mtaani kwetu aliishi mama mmoja ambaye watu walimwita Marehemu, naye akiitwa aliitika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kwa miaka mingi kazi yake katika tamthilia za televisheni ilikuwa kufa, na aliifanya vizuri kiasi kwamba jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watoto wakimwona anarudi na kikapu walikimbia kuwaambia mama zao kwamba Marehemu kanunua nyanya, na mama zao walitoka kuuliza kazipata wapi.

Hakuanza kwa kufa. Alipoingia kwenye maigizo alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, na jukwaani walimpa kucheza bibi harusi. Televisheni ilipomchukua akawa mchumba: mchumba wa daktari, mchumba wa mwanajeshi, mchumba wa mfanyabiashara aliyesema ni yatima kumbe wazazi wake wako wazima na hawana shida yoyote. Kisha akajifungua binti yake wa pekee, akakaa nyumbani kumlea, na aliporudi studio alikuta amepandishwa cheo bila kuomba. Alikuwa mama mkwe. Hakuna aliyemweleza kikao cha kumpandisha kilikaa lini. Alijitazama kwenye kioo cha chumba cha kupambia akitafuta kilichobadilika, akaona mashavu yamejaa kidogo, jambo ambalo wifi zake walikuwa wamelisifu.

Mwanawe wa kwanza kwenye skrini alikuwa mwigizaji aliyeitwa Kijana. Kijana alimzidi umri kwa miaka miwili na ushei. Miaka michache kabla ya hapo wawili hao walikuwa wameigiza wachumba, wakashikana mikono kwenye mvua ya bomba, na watu wakalia majumbani. Sasa Kijana aliambiwa apige magoti amwite mama, naye akapiga magoti na kumwita mama bila kupepesa jicho. Yeye aliendelea kuwa kijana. Wachumba wake walibadilika kila msimu, na kila msimu walizidi kuwa wadogo, hadi ikafika mahali akaletewa binti wa mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wake kwenye tamthilia nyingine. Mama mtu alikuja siku ya kurekodi, akakaa pembeni, akasema dunia ni ndogo.

Baada ya mama mkwe, ngazi iliyofuata ilikuwa mama mgonjwa, na baada ya hapo hakukuwa na ngazi. Mama mgonjwa kazi yake ni moja: afe mapema ili watoto wagombane. Marehemu alikufa kwa homa, kwa sumu, kwa ajali, kwa kupokea simu yenye habari mbaya. Alijifunza kupumua kwa pua taratibu sana, chini kabisa ya kitovu, kifua kisitikisike hata kamera ikimsogelea. Waongozaji walimpenda kwa hilo. Wenzake wengine walikuwa wakifa halafu wanameza mate. Alikuja pia na foronya yake mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu mito ya studio ilishalaliwa na kila mtu na hakuna aliyekiri kuifua.

Mumewe, fundi wa friji, alikuwa mtu wa maneno machache. Tamthilia ya mkewe ikianza alikaa naye kwenye kochi, akaangalia vizuri tu, lakini ilipokaribia ile saa alinyanyuka na kuzima televisheni. Akasema amechoka. Mkewe hakuwahi kumuuliza. Halafu mume huyo akaugua, kweli, na akafa kwenye wodi yenye vitanda vingi, asubuhi, wakati mkewe anammiminia chai kwenye kikombe cha plastiki. Hakutoa wosia. Hakumtafuta mtu kwa macho. Alisema chai isiwe ya moto sana, na mkewe alipogeuka na kikombe, alikuwa ameshakwenda.

Baada ya hapo Marehemu hakuweza tena kufa kama zamani. Aliporudi kazini na kulazwa kwenye kitanda cha studio, alikataa ile hotuba ya mwisho ya kuwausia watoto wapendane. Mwongozaji alilalamika kwamba mtazamaji hatajua kama amekufa. Akamjibu kwamba hata yeye hakujua, na alikuwa amesimama palepale. Wakampunguzia hotuba. Bila kupanga, akawa anakufa vizuri zaidi, na kwa hiyo wakamwita mara nyingi zaidi.

Kufa hakukumlisha mtu, na Marehemu alikuwa na kazi nyingine ya mchana. Alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya daktari wa meno, chumba chenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, feni moja, na picha kubwa ya gego lililokatwa katikati. Daktari alikuwa mzee mpole, asiyesikia vizuri upande mmoja kwa sababu ya mashine zake. Marehemu alikuwa akimwomba ruhusa kwa kumwambia, "Daktari, kesho nakufa asubuhi, nitachelewa kidogo," na daktari anaitikia kwamba sawa, ila asisahau kumwachia funguo za kabati la dawa. Wagonjwa waliokuja mara ya kwanza na kusikia mazungumzo hayo, baadhi yao waliamua kwamba jino si baya kiasi hicho.

Basi ikaja tamthilia ya kampuni ya malori. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Baba mwenye kampuni ameshafariki kabla hadithi haijaanza, mama anaumwa, na mtoto mkubwa, ambaye bila shaka alikuwa Kijana, anasubiri kurithi ili agombane na wadogo zake. Marehemu alipangiwa kufa kwenye sehemu ya nne. Hadithi iliandikwa na mwandishi msichana, mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu, na iliongozwa na mwanamume wa makamo aliyevaa koti hata kwenye joto, akiamini kwamba taa za studio ndizo zenye makosa.

Taa ndizo zilizoleta balaa. Kijana alitaka kila wakati taa iwekwe mbele yake, karibu na uso, kwa sababu mwanga wa mbele unafuta mikunjo. Mwongozaji alimwambia eneo lenyewe ni chumba cha mgonjwa chenye pazia limefungwa, sasa mwanga mkali kama wa mlango wa benki unatoka wapi? Wakabishana siku nzima. Mwisho Kijana akasema ameitwa kwenye filamu nyingine, acheze rubani, na huko wanajua kazi ya taa. Alichukua mkoba wake, akaaga watu wa chakula, ambao siku zote alikuwa mwungwana kwao, akaondoka katikati ya kazi.

Kesho yake wakarekodi kifo cha mama wakiwa hawana mwana. Marehemu alikufa vizuri. Muuguzi wa kwenye hadithi akamfunika shuka hadi usoni. Kwa kawaida hapo mwongozaji husema "kata", lakini siku hiyo hakuna aliyesema, kwa sababu mwongozaji na mwandishi walikuwa wameshaanza kubishana palepale juu ya kitanda: kampuni ataachiwa nani? Mdogo wa kiume walikuwa wameshamfanya mlevi. Wa kike alikuwa ng'ambo, na mwigizaji wake alikuwa amepewa maeneo machache tu kwa sababu alikuwa na mimba halisi. Mjomba walimfunga jela kwenye sehemu ya pili. Mwandishi akasema labda waje na mtoto wa nje ya ndoa. Mwongozaji akasema mtoto wa nje alishatokea, ndiye yule mlevi. Mwandishi akatia kifuniko cha kalamu mdomoni.

Chini ya shuka, sauti ikasema, "Mimi nipo."

Mwongozaji aliitazama ile shuka. Mshika maikrofoni baadaye alisimulia kwamba yeye binafsi alirudi nyuma, ingawa alijua vizuri nani kalala pale.

"Wewe umekufa," mwongozaji akasema.

"Nimekufa hapa ndani. Huko nje bado hamjanirusha."

Mwandishi alitoa kifuniko cha kalamu mdomoni. Ilikuwa kweli. Sehemu ya nne ilikuwa haijaenda hewani, wala ya tatu, na mtu ambaye hajafa hewani yu hai. Ingetosha kukata pale alipofunikwa shuka, wakaunganisha na asubuhi nyingine ambayo homa imeshuka. Mwongozaji alipinga kwa muda, akisema hajawahi kuona kampuni ya malori ikiendeshwa na mgonjwa. Mwandishi akamwambia hajawahi kuona pia ikiendeshwa na mtu ambaye hayupo. Hapo mwongozaji akavua koti.

Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na hofu ambayo hakuitarajia. Alikuwa amezoea kulala. Tangu binti yake amalize shule, hakukumbuka tamthilia ambayo alitembea zaidi ya kutoka mlangoni hadi kitandani, na magoti yake yalishakubaliana na utaratibu huo. Sasa aliambiwa atasimama mbele ya madereva, atapanda ngazi za ofisi, atapiga mkono mezani. Walimletea viatu vya visigino. Akavitazama, akavirudisha kwenye boksi, akasema mwenye malori yake mwenyewe havai kitu kinachomuumiza.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alicheza bosi kama alivyowaona mabosi wa kwenye televisheni: alifoka, alinyoosha kidole, alizungukazunguka nyuma ya meza. Mwongozaji alitazama marudio kwenye kioo kidogo, akasema anaona mama aliyepoteza funguo za nyumba. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Mle studio watu walianza kuongea kwa sauti za chini, na mwenye studio, tajiri mmoja aliyekuja mara chache na kukaa nusu kiti kama anayetaka kuondoka, alisikika akiuliza kama homa haiwezi kupanda tena.

Jumatatu mwandishi akaenda kliniki kumpelekea Marehemu kurasa mpya za maneno yake. Alikuta viti vimejaa, akaketi karibu na mlango asubiri. Ndipo akaingia mwanamume mmoja, pande la mtu, shavu limevimba, akipiga kelele kwamba hawezi kukaa foleni, ana maumivu, anataka daktari sasa hivi, na kwamba yeye ni mtu anayefahamika. Alifika mezani akainama, kivuli chake kikaifunika meza yote.

Marehemu hakusimama. Hakupandisha sauti. Alimalizia kwanza kufunga kifuniko cha chupa aliyokuwa ameishika, akaiweka mahali pake, akamtazama yule mtu usoni kwa utulivu kabisa, kama anayetazama hali ya hewa.

"Kaa, baba," akamwambia. "Utaitwa."

Yule mtu akakaa. Alikaa kando ya mtoto mmoja wa shule, magoti yameshikana, na hakusema neno jingine mpaka alipoitwa.

Mwandishi hakumpa zile kurasa. Alizikunja akazirudisha mkobani, akamuuliza kama mabosi wote aliowaona maishani mwake walikuwa wakifoka. Marehemu akafikiri. Akasema bosi wa mumewe kwenye karakana ya friji alikuwa akifoka, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Mwandishi akamwomba kitu kimoja tu: wiki ile asiigize bosi, aigize Jumatatu.

Eneo walilorekodi lilikuwa la mgomo. Madereva kumi na kitu wanaingia ofisini kwa vurugu, wengine na spana mikononi, wanataka kujua ni nani sasa mwenye kampuni. Katika kurasa za zamani mama alitakiwa kuwahutubia ukurasa mzima. Kwenye kurasa mpya mama anamalizia kunywa maji, anaweka bilauri, anawatazama, anasema, "Kaeni. Mtaitwa." Viti havikutosha, kwa sababu hakuna aliyefikiria watakaa kweli, na waigizaji wawili walikaa sakafuni bila kuambiwa na mtu. Mwongozaji alisahau tena kusema "kata".

Ilipokwenda hewani, mtaani kwetu tulijadili. Wengine walisema hawamwelewi mama mgonjwa anayepona. Lakini wiki ya pili wanawake wa saluni walikuwa wakiambiana "kaa, utaitwa", na wiki ya tatu nilimsikia karani wa posta akimwambia mteja hivyohivyo, na mteja akacheka, ingawa hakuitwa. Watu walianza kuja kliniki bila jino linalouma. Waliketi, wakatazama mapokezi, wakaondoka wameridhika. Daktari aliuliza ni maradhi gani haya mapya.

Aliyesumbuka ni binti yake. Binti aliuza miwani kwenye duka moja la katikati ya mji, alikuwa ameolewa kwenye familia yenye heshima zake, na kwa miaka yote alikuwa na mama aliye rahisi kumweleza kwa watu: mama yangu huigiza wagonjwa. Sasa mwandishi, akiona mambo yamekwenda vizuri, alimletea mwenye malori mwanamume. Mkaguzi wa magari, aliyefiwa na mke, mpole, anayekuja kukagua breki na kukaa kupita muda wa kukagua breki. Kwenye sehemu moja alimshika mkono. Alishika tu mkono, juu ya boneti ya lori, tena mchana kweupe. Binti alikuja nyumbani kwa mama yake kesho yake na hakuvua hata viatu.

"Mama, wakwe zangu wanaangalia."

"Nilipokuwa nakufa walikuwa wakiangalia pia," mama akamjibu. "Hawakuleta hata salamu."

Binti akakaa. Akasema si hivyo, ila mtu wa umri wake kushikwa mkono mbele ya watu, baba akiwa kaburini. Mama yake alikuwa anakunja nguo. Alimwambia kwamba baba yake ndiye mtu pekee aliyekuwa akizima televisheni ili asimwone mkewe anakufa, na kwamba anaamini kwa huyu mkaguzi wa breki baba yake asingeizima. Kisha akampa ncha mbili za shuka, wakaikunja pamoja. Siku iliyofuata alipiga simu kuuliza kama mkaguzi ataoa au anapoteza muda wa watu. Kumbe mama mkwe wake ndiye aliyemtuma.

Msimu wa pili ulipokaribia, Kijana alirudi. Ile filamu ya rubani iliishia njiani. Ndege waliyoahidiwa haikupatikana na aliruka kwenye kiti cha ofisi mpaka kila mtu akakata tamaa. Mwenye studio alimpenda Kijana, na alitaka mambo yarudi kama yalivyokuwa. Alimwita Marehemu ofisini, akamkaribisha kwa heshima zote, mama huku na mama kule, akamweleza kwamba wamemfikiria. Watampa kifo kizuri sehemu ya kwanza ya msimu. Kifo chenye muziki. Watakodi hata farasi wa kuvuta jeneza. Kijana arithi, maisha yaendelee. Marehemu alishukuru kwa farasi, akasema atalifikiria.

Kabla hajamaliza kulifikiria, Kijana mwenyewe akatokea kliniki. Alikuja mchana wagonjwa wamekwisha, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mkono kwenye taya. Jino lake la mbele lilikuwa la kubandika na lilikuwa limelegea. Akisema neno lenye "f" lilitoa mluzi. Daktari alikuwa ametoka kula. Kijana akakaa kwenye kiti cha plastiki, chini ya picha ya gego, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Marehemu alimwona chini ya feni, kwenye mwanga wa dirishani, bila taa yoyote mbele yake. Mizizi ya nywele ilikuwa nyeupe kama chumvi.

Kisha Kijana akasema, "Wanataka ufe ili mimi nirudi. Sikuwaomba hilo."

"Najua. Ungeomba, ungeomba na taa."

Kijana alicheka, jino likapiga mluzi, akaacha kucheka. Alivua kofia akaipakata.

"Mwenzangu, nikiukubali umri wangu, nani ataniandika? Wewe walikuzoea."

"Mimi hakuna aliyeniuliza kama nakubali," Marehemu akasema. "Nilitoka kunyonyesha nikakuta wameshanikubalia."

Alisema hivyo bila hasira, kama anavyomweleza mgonjwa kwamba daktari katoka. Inawezekana Kijana hakuwahi kulitazama jambo hilo upande huo. Wakati ule aliletewa mchumba mpya na alikuwa na mistari mingi ya kukariri. Alitazama sakafu, akasema kile kitu cha kupiga magoti, mara ya kwanza ile, kilimtia aibu, lakini alidhani ni aibu ya mtu anayefanya lolote kwa sababu ya njaa. Marehemu akamwambia yamepita. Baadaye kidogo akamwambia kwamba si kweli kuwa yamepita, ila yeye ameyachoka. Kisha akamshauri: arudi, lakini arudi na mvi zake. Mwana aliyekimbilia ng'ambo akaacha mama mgonjwa, huko mambo yamemshinda, anarudi kuomba kazi.

"Kwako?"

"Kwa nani tena? Malori ni yangu."

Daktari aliporudi akambandika jino, na Kijana akaondoka na kofia mkononi.

Marehemu alikwenda kwa mwenye studio akamwambia hatakufa. Yule tajiri alifikiri anataka farasi wawili. Akamweleza tena, polepole, kwamba wakimlaza kitandani atalala, lakini kamera ikiwaka atainuka, na watakuwa wakimlaza siku nzima. Mwandishi, aliyekuwa amekuja naye, akaweka mezani kurasa za mwana mwenye mvi. Mwenye studio aliwatazama wote wawili. Alikaa kiti kizima, kwa mara ya kwanza pengine, akasoma. Alipomaliza akauliza kama Kijana amekubali kuonekana hivyo. Aliposikia kwamba ndiye aliyeomba apangiwe eneo la kwanza, akasema basi yeye ni nani apinge.

Eneo lile mtaani kwetu bado tunalisimulia. Kijana anaingia ofisi ya mama yake na sanduku dogo, kichwa cheupe, bila poda ya kuficha kitu, mwanga ukitoka dirishani tu. Mama anasaini karatasi. Anamwonyesha kiti. Mwana anakaa, na mama anaendelea na karatasi zake, na kamera inamwacha mwana pale muda mrefu kuliko tulivyozoea. Tuliona mikono yake haijui ikae wapi. Mama hasemi neno hata moja kabla ya tangazo la sabuni. Jirani yangu mmoja, fundi seremala, alisema baridi ya ng'ambo inazeesha sana, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao na ikabidi akanawe.

Tamthilia ilikwenda misimu kadhaa, ikaisha kama zinavyoisha, watu wakioana. Kufikia hapo studio nyingine zilikuwa zimegundua kwamba wanawake wenye umri wanatazamwa wakiwa wima, na zikaanza kuandika hadithi zao. Ilitangazwa filamu ya jaji mmoja mwanamke anayestaafu na kuanza kuendesha pikipiki. Marehemu akaenda kwenye usaili. Alizoea usaili wa watu wawili, yeye na mwingine anayekohoa vizuri kuliko yeye. Siku hiyo alikuta ukumbi umejaa: mabibi waliovaa vizuri, wengine na fimbo, wengine wakijipima uso kwenye vioo vya mikobani, wanawake ambao alikuwa hajawaona tangu enzi za uchumba wao wa skrini. Mmoja alikuwa dada yake katika tamthilia mbili na alimzika kwenye zote mbili. Wakakumbatiana, kisha kila mmoja akarudi kukariri, kwa sababu nafasi ilikuwa moja.

Hakuipata. Aliipata mtangazaji mstaafu wa redio, mwanamke aliyemzidi Marehemu miaka karibu kumi. Binti alipopata habari alikuja na maneno ya kufariji, kwamba siku zote wanataka wasichana, na mama yake akamkata: hapana, wamemchukua mkubwa wangu. Alikuwa amekasirika kweli. Alisugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Wiki nzima kliniki wagonjwa waliitwa kwa sauti kali kidogo. Alikuwa amekosa kazi nyingi maishani, lakini zote zilikuwa hazipo kwa mtu wa umri wake. Hii ilikuwapo, na mtu mwingine kaipata.

Filamu ilipotoka alikwenda kuiona na binti yake, onyesho la mchana, wakakaa katikati kabisa. Alitazama bila kusogea hadi majina yote yakapita. Nje binti akamuuliza ameionaje.

"Anashika breki kama anayekamua nguo," akasema. Wakatembea hadi kona, wakasubiri magari yapite. "Lakini uso anao. Pale anapovua joho, pale mimi nisingeweza. Bado."

Mkwewe, mume wa binti, ana pikipiki. Siku hizi Jumapili jioni wanakwenda kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala, mkwe anakimbia kando yake kwa adabu zote, akimwambia mama taratibu, mama mbele kuna shimo, na binti amesimama pembeni na chupa ya maji na dawa ya michubuko. Juzi nilipita pale. Pikipiki ilikuwa imesimama, inanguruma, naye amekaa juu yake mgongo umenyooka, anamwambia mkwe wake kwamba habari za shimo amezisikia, sasa amweleze gia ya pili iko wapi.